Santa Fe au RAV4 ya dizeli: hesabu ya familia ya mpakani

Swali moja limekuwa likijirudia katika masoko ya Rubavu, Rusizi na Rusumo, na hata katika vyumba vya walimu wakati wa chai: mtu mwenye akiba ya kununua gari moja tu la mtumba, la kubeba familia pamoja na mzigo mdogo wa biashara, achukue lipi? Kwa wanaotaka dizeli, majina mawili hutajwa kabla ya mengine. La kwanza ni Hyundai Santa Fe inayotoka Korea Kusini, na la pili ni Toyota RAV4 inayotoka Ulaya.

Wengi hulichukulia swali hili kuwa la mafundi na madalali peke yao. Ukweli ni kwamba jibu lake limefungwa katika sheria za nchi jirani, katika ubora wa mafuta yanayopita mipakani, na katika njia ambazo vipuri hupitia hadi kutufikia. Kwa sisi tuliorudi nyumbani, na kwa ndugu zetu wanaovuka mpaka kila juma kutafuta riziki, gari ndiyo mali kubwa kuliko zote baada ya nyumba. Likifa, mtaji umekufa nalo. Kwa hiyo inafaa tulichambue jambo hili kwa utulivu.

Tuanze na usukani. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, ilhali Tanzania, Uganda na Kenya huendesha kushoto. Mwaka 2005 Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye usukani wa kulia, ingawa baadaye malori yalifikiriwa kwa namna yake. Ndiyo maana bahari ya magari ya mtumba ya Kijapani yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa hutupita pembeni. Mnyarwanda anayetaka gari hutazama kule kwenye usukani wa kushoto, yaani Ulaya, Korea na Dubai. Santa Fe na RAV4 ya dizeli ni watoto wa sheria hiyo.

Sisi tuliosomea Tanzania tulikulia kwenye magari ya Kijapani ya usukani wa kulia, na wapo wenzetu ambao hadi leo wanaamini kwamba gari walilolizoea Karagwe au Kahama ndilo watakalolitumia nyumbani. Anayejiandaa kurudi na auze gari lake huko huko kabla ya kufungasha. Mwaka 2013, watu wetu walipoondolewa Tanzania kwa maelfu, wengi waliuza mali zao kwa haraka na kwa bei ya kutupa. Anayerudi kwa hiari leo ana nafasi ambayo hao hawakuipata, nayo ni muda wa kusubiri mnunuzi.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa gari moja la mkazi anayerejea, ikiwa amelimiliki na kulitumia nje kwa muda usiopungua miezi 12. Maneno hayo huwavutia wengi, lakini msamaha wa ushuru haufuti marufuku ya usukani, wala haumhusu kila anayetoka nchi mwanachama. Nenda forodhani na karatasi zako kabla ya kulipa nauli ya gari, usiende baada ya gari kufika.

Sasa tutazame majirani wanavyolinda masoko yao. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, ila imekuwa ikitoza ushuru wa ziada magari yaliyozidi miaka 8. Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Gari likizeeka, idadi ya nchi zinazoweza kulipokea hupungua. Mnunuzi wa Kigali anayetumaini kuliuza gari lake baadaye ng'ambo ya mpaka ajue kwamba soko lake halisi ni ndani ya nchi, na kwa majirani wa usukani wa kushoto, yaani Burundi na Kongo. Hata huko, siasa zinaweza kulifunga soko kwa siku moja. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na kabla ya hapo mpaka wa Gatuna ulifungwa kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022. Kwa hiyo usinunue gari kwa kutegemea faida ya kuliuza. Linunue kwa kazi litakayokufanyia.

Swali la pili ni kama dizeli yenyewe bado inafaa. Mwaka 2021 Rwanda iliondoa kodi kwa magari ya umeme na ya mseto, na barabara zikaanza kujaa magari ya mseto. Katika bajeti ya mwaka 2025/26 magari ya mseto yalirudishwa kwenye kodi, huku ya umeme tupu yakibakiziwa nafuu. Mwaka huo huo wa 2025 nchi ilianza kupima moshi wa magari kupitia mamlaka ya mazingira, REMA. Mwenye dizeli iliyochoka, inayotoa moshi mweusi kila inapopanda kilima, sasa ana mlango mmoja zaidi wa kupita mbali na kontroli aliyoizoea. Gharama ya nozeli na tabo mbovu haiwezi tena kuahirishwa mwaka hata mwaka.

Pamoja na hayo, dizeli ina hoja zake. Nchi yetu ni ya vilima, na injini ya dizeli ina nguvu ya kuvuta kwa mzunguko mdogo. Tabo huisaidia kupata hewa ya kutosha hata kwenye miinuko. Mtu anayekwenda Kigali hadi Rubavu, zaidi ya kilomita 150, akiwa na watu watano na magunia mawili nyuma, ataona tofauti kwenye geji ya mafuta. Lakini mtu ambaye gari lake hupeleka watoto shule kilomita 3, likapoa, kisha likarudi, dizeli ya kisasa haimfai kabisa. Magari mengi ya aina hii yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue ni lazima bomba lipate joto kali, joto ambalo hupatikana kwa safari ndefu ya mwendo usiokatika. Safari fupi fupi huliziba. Mwenye maisha ya namna hiyo anunue ya petroli, naye hatakuwa amepotea.

Kwa wale wa safari ndefu, tuingie sasa ndani ya injini.

RAV4 tunayoizungumzia ni ile ya kizazi cha tatu, iliyouzwa Ulaya kati ya mwaka 2006 na 2012 hivi. Dizeli yake ni ya sentimita za ujazo 2,231, ya familia ya AD. Ile ya kawaida, 2AD-FTV, ilianza na nguvu farasi 136, na kuanzia mwaka 2009 ikatolewa ya 150. Ipo pia ya 177, yaani 2AD-FHV, yenye mfumo mgumu zaidi wa kusafisha moshi. Zote zina cheni ya taimingi, jambo ambalo ni faraja kwa mnunuzi. Gari ni jepesi, lina uzito mdogo kuliko Santa Fe, na hunywa mafuta kidogo.

Hata hivyo, jina la Toyota lisitufumbe macho. Injini hizi za 2.2, hasa zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2009, zina ugonjwa unaojulikana. Bloku yake ni ya alumini. Oili huanza kuliwa, masizi hujikusanya ndani, na uso wa bloku unaokutana na gasketi ya silinda hedi huliwa taratibu. Hapo maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanakovujia, na injini huchemka. Kubadilisha gasketi peke yake hakutoshi, kwa kuwa uso uliolika utaiharibu na ile mpya. Ugonjwa huu haukuwa siri: huko Ulaya Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa injini za kundi hilo. Lakini dhamana hiyo haivuki bahari pamoja na gari, na kwa umri wa magari haya imekwisha siku nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo madalali hawalisemi. Watu husema vipuri vya RAV4 vimejaa Kampala na Dar es Salaam, na ni kweli kwa taa, milango, shokapu na breki nyingi. Lakini RAV4 zilizojaa katika miji hiyo zilitoka Japani, na za Japani za kizazi hicho ni za petroli. Injini ya 2AD ya dizeli ni ya soko la Ulaya. Ukitaka silinda hedi yake, pampu yake au nozeli zake, duka la vipuri vya Kijapani halitakusaidia. Utaagiza Ulaya, kisha utasubiri. Ile sifa ya Toyota kwamba spea zipo kila kona inaishia pale boneti inapofunguliwa.

Tugeukie Santa Fe. Ya kizazi cha pili ilitoka kati ya mwaka 2006 na 2012, nayo ina sura mbili ambazo mnunuzi hana budi kuzitenganisha. Ya kwanza ina injini ya 2.2 iitwayo D4EB, inayotumia mkanda wa taimingi. Mkanda huo ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini huharibika. Kwa hiyo anayenunua gari la aina hiyo bila karatasi inayoonyesha lini mkanda ulibadilishwa, aweke fedha ya mkanda, rola zake na pampu ya maji kwenye hesabu siku ile ile ya kununua.

Sura ya pili ilianza Korea katika nusu ya pili ya mwaka 2009. Hapo Hyundai ilileta injini mpya za familia ya R, za lita 2.0 na 2.2, zenye cheni ya taimingi. Ya 2.2 ina nguvu farasi karibu 200, ambazo ni nyingi kwa gari la familia. Injini hizi zinapatikana pia kwenye Kia Sorento, na ile ya 2.0 kwenye Tucson na Sportage. Hapa ndipo hesabu ya vipuri inapogeuka. Korea yenyewe ilinunua Santa Fe za dizeli kwa wingi, na usukani wake ni wa kushoto kama wetu. Kwa hiyo gereji za kubomoa magari huko zina injini, gia na milango inayolingana kabisa na gari lililoko Kigali. Kontena moja kutoka Korea huhudumia magari ya aina nne.

Santa Fe nayo ina udhaifu wake. Nozeli zake hukaa juu ya washa ndogo za shaba. Washa hizo zikianza kuvujisha, moshi hupenya, hujenga lami nyeusi kuzunguka nozeli, na kuzitoa huwa kazi ya siku nzima. Valvu ya kurudisha moshi huziba kwa masizi. Zenye kuendesha magurudumu yote manne zinahitaji kuangaliwa pale gia inapounganika na boksi la kugawa nguvu, kwa kuwa meno ya kiungo hicho huliwa yakikosa grisi. Aidha, Korea hupata baridi na theluji, na barabara zake humwagiwa chumvi. Chungulia chini ya gari, kwenye fremu ya nyuma, uone kutu imefika wapi. Rangi ya juu inayong'aa haina habari yoyote juu ya hilo.

Yote mawili yana adui mmoja wa pamoja, ambaye ni mafuta mabaya. Dizeli za zamani zilivumilia mambo mengi. Hizi za kisasa husukuma mafuta kwa mgandamizo unaozidi bar 1,500, na pampu yenyewe hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake. Maji kidogo au mafuta ya taa yaliyochanganywa huikwaruza pampu, vumbi la chuma likaingia kwenye nozeli zote nne, na bili yake ikatosha kununua ng'ombe kadhaa. Nchi za Jumuiya zilikubaliana kuanzia mwaka 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ni hatua kubwa kwa injini za namna hii. Lakini kiwango hicho kinakuhusu ukinunua kituoni. Wakati wa uhaba mkubwa uliolikumba taifa la Burundi, hasa kati ya mwaka 2022 na 2024, watu walivuka hadi Uvira kutafuta mafuta na kuyarudisha kwa madumu. Dumu halina kibandiko cha ubora. Mfanyabiashara ambaye kazi yake humpeleka huko, na ambaye hulazimika kununua ya kando ya barabara, abadilishe filta ya dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema, na amwage maji yaliyotuama kwenye filta mara kwa mara. Vinginevyo, unafuu wa lita moja utamgharimu pampu nzima.

Kama mwalimu, napenda hesabu iandikwe ubaoni. Tuseme Santa Fe hunywa lita 1 zaidi ya RAV4 katika kila kilomita 100. Kwa mtu anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka, tofauti ni lita 150. Zidisha kwa bei ya dizeli iliyotangazwa na RURA siku unayosoma makala haya, utapata gharama ya mwaka. Zidisha tena kwa miaka 4 utakayokaa na gari, utapata lita 600. Sasa mwulize fundi unayemwamini bei ya kutengeneza injini ya RAV4 iliyolika uso wa bloku, pamoja na majuma ambayo gari litakaa gereji bila kufanya kazi. Weka namba hizo mbili pembeni kwa pembeni. Anayetazama matumizi ya mafuta peke yake anatazama mstari mmoja wa hesabu yenye mistari mitano.

Upande wa kodi hauleti tofauti kubwa. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa nchini umepangwa kwa ukubwa wa injini, na magari haya mawili, yote ya lita 2.2, huangukia kundi moja la kati ya 1,500 na 2,500. Kinachobadilika ni thamani inayokadiriwa. Kwa hiyo RAV4 ya bei ya juu huja na kodi ya juu.

Kabla ya kutoa fedha, fanya mambo haya. Fika asubuhi kabla injini haijawashwa, uiguse ujue ni baridi kweli. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto ana sababu yake. Moshi mweupe usioisha baada ya dakika chache, wenye harufu tamu, ni maji yanayoungua. Wa buluu ni oili. Mweusi mzito ni nozeli, hewa au tabo. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi, uangalie kama kuna mafuta juu ya maji. Vuta kijiti cha oili. Soma namba ya injini wewe mwenyewe: 2AD, D4EB au D4HB. Usikubali kuambiwa kwa mdomo. Kumbuka pia kwamba mwaka wa kusajiliwa si mwaka wa kutengenezwa. RAV4 iliyosajiliwa katikati ya mwaka 2009 inaweza kuwa na injini ya mwaka 2008. Kilomita za dashibodi zilinganishe na karatasi za ukaguzi za huko ilikotoka, na kama hakuna karatasi, tazama pedali, usukani na kiti cha dereva. Kiti kilichobonyea hakiandiki kilomita 80,000.

Kwa wanaovuka mpaka, bima ya ndani haitoshi. Kadi ya njano ya COMESA inakubalika Burundi, Uganda, Kenya, Kongo na hata Tanzania kwa madhara unayomsababishia mtu mwingine. Gharama yake iwe ndani ya bei ya gari tangu siku ya kwanza.

Je, tuchukue lipi? Kwa familia ya watu sita au saba na biashara ya safari ndefu, maoni yangu ni Santa Fe ya injini ya R, iliyotengenezwa mwaka 2010 au baadaye, yenye viti saba na isiyo na kutu chini. Kwa familia ya watu wanne au watano inayotaka gari jepesi na itakayoweza kuliuza kwa urahisi baadaye, RAV4 ya nguvu farasi 150, iliyotengenezwa baada ya mwaka 2009, yenye karatasi za matengenezo, ni chaguo la haki. RAV4 ya dizeli ya mwaka 2006 hadi 2008 iachwe, hata ikiwa inang'aa na bei yake inavutia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na magari hayo yanatembezwa sana.

Linabaki jambo moja la serikali zetu. Mipaka ya Jumuiya imefunguliwa kwa bidhaa, lakini taarifa za gari bado zinaishia mpakani. Kontroli ya Rwanda haijui gari lilianguka lini Bujumbura, na ya Bujumbura haijui kilomita zilizosomwa Kigali. Nchi wanachama zikiunganisha taarifa za ukaguzi, ili mnunuzi aandike namba ya chasisi na kuona historia ya gari katika nchi zote, ulaghai wa kilomita utapungua kuliko kwa marufuku yoyote ya umri. Hadi siku hiyo ifike, mkaguzi wa gari lako ni wewe mwenyewe, pamoja na fundi ambaye hakutumwa na muuzaji.